Mwongozo Kamili: Kumtembeza Mgeni wa Meli Mombasa na Kumrudisha Kabla Ngazi Haijapandishwa

Msimu wa kaskazi ukiingia na meli za watalii zikaanza kufunga gati Kilindini, malalamiko huwa yale yale. Mmoja atasema wageni wake waliiona meli ikipita mkondoni wakiwa bado kwenye foleni ya Likoni. Mwingine aliwazungusha mchana kutwa na mwisho wa siku hawakukumbuka chochote ila joto na foleni. Wa tatu aligombana nao getini kwa sababu ya malipo.

Mwongozo huu ni wa dereva, wa mwongoza watalii anayeanza kazi, na wa mwenyeji wa kawaida ambaye rafiki au ndugu yake anashuka melini kwa siku moja tu. Kosa la wengi ni kuipanga siku kuanzia asubuhi kwenda jioni. Siku ya meli hupangwa kuanzia jioni kurudi asubuhi, na hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na hilo.

## Vitu vya kuwa navyo

Kwako wewe:

- Kitambulisho na leseni. Kama unatembeza watalii kwa malipo, unatakiwa uwe na leseni ya mamlaka inayosimamia utalii, na gari liwe na bima ya kubeba abiria. Askari wa utalii huuliza, na wakikuuliza mbele ya mgeni huna, siku imekwisha hapo.
- Gari lenye AC inayofanya kazi kweli, si ile ya "itaanza kupoa tukishatembea". Tuktuk inatosha kwa mtu mmoja au wawili wasiotoka nje ya kisiwa.
- Maji ya kunywa ya kutosha, kwenye sanduku la barafu. Kaskazi ina jua kali na wageni hawa wengi ni watu wazima.
- Leso mbili safi za kujifunika, za akiba. Utaona kazi yake katika hatua ya sita.
- Mfuko wa kitambaa au kikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na mgeni hana habari hizo.
- Noti ndogo ndogo za chenji, na simu yenye pesa ndani.
- Kalenda ya maji kupwa na kujaa ya siku hiyo. Ukiikosa, tazama mwezi, nitaeleza.
- Karatasi na kalamu.

Kwa mgeni: kadi yake ya meli, kitambulisho chenye picha au nakala ya pasipoti, dawa anazotumia, viatu vya kutembelea (si ndara za bwawani), kofia, na namba ya simu ya wakala wa meli hapa Mombasa. Namba hiyo kwa kawaida imechapwa kwenye karatasi ya ratiba wanayopewa melini. Mwambie aipige picha kabla hajashuka.

## Hatua ya 1: Jua saa ya mwisho ya kupanda

Hapa si saa ya meli kuondoka unayoitafuta. Ni saa ambayo kila abiria anatakiwa awe ameshaingia ndani, na kwa kawaida hutangulia saa ya kuondoka kwa nusu saa hadi saa nzima. Mgeni akikwambia "tunaondoka saa kumi na mbili", muulize tena hadi akuonyeshe karatasi.

Kisha uliza jambo ambalo wengi hulisahau: saa ya meli ni sawa na saa ya Kenya? Meli nyingine hubaki na saa zao wenyewe zikiwa bandarini, na meli iliyotoka Shelisheli iko mbele yetu kwa saa nzima. Wekeni saa zenu pamoja, yako na yake, mkisimama hapo hapo.

Mwandikie saa hiyo kwa tarakimu za mtindo wa saa 24: 17:00, siyo "saa kumi na moja". Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri, yeye anahesabu kuanzia usiku wa manane, na tofauti ya saa sita si kitu cha kuchezea ukiwa na meli gatini.

Umefaulu ikiwa: una karatasi mfukoni yenye saa moja tu iliyoandikwa, na mgeni anayo kama hiyo.

## Hatua ya 2: Hesabu kinyumenyume

Tuchukue mfano wa meli inayotaka abiria wote ndani saa kumi na moja jioni.

- Getini bandarini: saa kumi kamili. Ile saa nzima inayobaki ni ya ukaguzi, ya kutoka getini hadi ngazini, na ya bibi mmoja atakayekumbuka kofia yake imebaki garini.
- Kituo cha mwisho: kuanzia saa tisa. Kiwe ndani ya kisiwa, upande wa bandari.
- Kuingia tena kisiwani kama mlitoka: saa nane na nusu.
- Chakula cha mchana: saa sita na nusu hadi saa saba na nusu.
- Kabla ya hapo: matembezi yenyewe.

Sasa angalia mwanzo. Meli ikifunga gati saa moja asubuhi, mgeni wako hatatoka getini saa moja. Kuna watu wa afya, kuna uhamiaji, kuna foleni ya kushuka ambayo hutanguliza waliolipia matembezi ya meli yenyewe. Mgeni wa kujitegemea akitoka saa tatu kasoro, amebahatika. Kwa hiyo siku unayoiona ya saa kumi ni ya saa saba, toa chakula ni sita.

Kuna tofauti nyingine unayopaswa kuifahamu. Basi la matembezi yaliyouzwa na meli likichelewa, meli kwa kawaida hulisubiri. Mgeni wako hasubiriwi. Hii si sababu ya kumtisha, ni sababu ya wewe kutokubali ombi la "dakika kumi tu" saa tisa na nusu.

## Hatua ya 3: Chagua upande mmoja

Hapa ndipo siku nyingi huharibikia. Mombasa ni kisiwa, na kila njia ya kutoka ina koo lake: Daraja la Nyali kaskazini, Makupa magharibi, feri ya Likoni kusini. Kanuni ninayoishika ni kwamba kisiwa kina siku nzima ndani yake, na ukitoka, unatoka mara moja tu, upande mmoja tu.

Kisiwani pekee. Ngome ya Yesu, Mji wa Kale, soko la Marikiti, mtaa wa Biashara, bustani ya Mama Ngina kando ya bahari. Kwa mgeni wa mara ya kwanza hii ndiyo siku bora, wala usione haya kuiuza kwa sababu ni karibu. Kutoka geti la bandari hadi Ngome ni kilomita tatu au nne.

Kisiwa na kaskazini. Asubuhi Ngome na Mji wa Kale, kisha Nyali au Bamburi kwa bahari, au bustani ya wanyama ya Haller iliyooteshwa kwenye machimbo ya mawe ya saruji. Inawezekana, ila daraja la Nyali likifunga, limefunga. Uafadhali wake ni kwamba jioni magari mengi huwa yanatoka kisiwani, nanyi mnaingia. Usilitegemee sana hilo. Ajali moja pale Buxton, karibu na daraja, inatosha.

Kusini, Diani. Mchanga mweupe, kila mtu ameuona kwenye picha. Kwa feri, sishauri kabisa kwa mgeni wa meli. Feri haina ratiba unayoweza kuapia. Ikiharibika moja, foleni hufika mbali. Njia ya Dongo Kundu imepunguza tabu hiyo, lakini nayo unaifikia kwa kupita Makupa na kuingia kwenye malori ya Changamwe. Ikiwa ni lazima Diani, nendeni Diani tu, na msifanye kingine.

Mbugani, Tsavo Mashariki. Lango la Bachuma liko karibu kilomita 100 kutoka mjini, na barabara ya Mariakani ina malori yanayokwenda Nairobi na Uganda usiku na mchana. Kwa meli inayolala gatini, sawa, nendeni na mlale huko au mrudi usiku. Kwa meli ya siku moja, ni kumpa mgeni saa nyingi za kutazama mkia wa lori ili apate kumwona tembo kwa dakika chache. Wako wanaofanya hivyo na kurudi salama. Mimi singemfanyia mgeni wangu.

Umefaulu ikiwa: ramani ya siku yako haikati maji zaidi ya mara moja kwenda na mara moja kurudi.

## Hatua ya 4: Elewaneni kabla mlango wa gari haujafungwa

Kama huna kibali cha kuingia bandarini, mtakutana nje ya geti. Tuma picha ya gari lako na namba ya usajili jana yake, kwa sababu pale nje kuna madereva wengi na kila mmoja atamwambia mgeni wako kwamba wewe hukuja.

Salimia, jitambulishe, mpe maji. Halafu toa ile karatasi uandike mambo manne: bei ni ya gari zima au ya kila kichwa, ni shilingi au dola, tiketi za kuingia zimo au hazimo, na mnarudi getini saa ngapi. Msome pamoja. Inaweza kuonekana kama ubahili kuanza na hesabu, lakini ugomvi wote wa jioni niliowahi kuusikia pale getini ulizaliwa na moja ya mambo hayo manne.

Muulize pia swali la heshima kuhusu miguu. Si "wewe ni mgonjwa?" bali "mngependa kutembea kidogo au sana?" Mji wa Kale una ngazi, mawe yasiyo sawa na pikipiki zinazochomoka uchochoroni. Mzee mwenye fimbo anaweza kuufurahia vizuri tu, akiletewa kiti barazani kila baada ya kituo.

Kuhusu pesa zake: akimpa mtu dola kuukuu au iliyochanika, itarudishwa. Mpeleke benki au duka halali la kubadilishia fedha kwenye barabara ya Moi au Nkrumah, abadilishe kidogo. Usimbadilishie mwenyewe mfukoni. Hata ukimpa bei nzuri, atakwenda melini kuulizia na atakutilia shaka.

## Hatua ya 5: Ngome, lakini tazama mabasi kwanza

Ngome hufunguliwa saa mbili asubuhi. Mkitangulia, ingieni moja kwa moja, maana juu ya kuta zile hakuna kivuli na kufikia saa tano jua linachoma.

Mkikuta mabasi makubwa ya meli yamepangana nje, msijiunge na umati ule. Geuzeni mzunguko: anzeni na Mji wa Kale, rudini Ngome baada ya saa moja na nusu, mabasi yatakuwa yamekwenda sokoni.

Tiketi za makumbusho ya serikali siku hizi hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa simu au kadi, siyo noti mkononi. Mgeni hana M-Pesa. Lipa wewe, akurudishie, na risiti umwonyeshe. Tengeneza malipo hayo kabla hamjafika mlangoni, maana mtandao una siku zake.

Ndani, usimsomee mgeni kitabu. Mpe mambo matatu ya kushika: Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi 1698 ndipo ikaanguka, na Waingereza waliifanya jela hadi 1958. Basi. Halafu mwonyeshe vitu. Mpeleke kwenye michoro ya ukutani iliyochorwa na mabaharia wa Kireno, meli na samaki na watu, mtu aliyechoka kukaa lindo akichora anachokikumbuka. Mpeleke kwenye mabaki ya San Antonio de Tanna, meli ya Kireno iliyozama hapo chini 1697. Mtu aliyeshuka melini asubuhi hiyo atasimama hapo muda mrefu kuliko unavyodhani.

Saa moja inatosha, saa moja na robo wakiwa wapiga picha. Waongozaji wa hapo hapo Ngome wana vitambulisho vyao; ukimchukua mmoja, patana naye mbele ya mgeni, na wewe unyamaze wakati anaeleza. Waelezaji wawili ni kelele.

## Hatua ya 6: Mji wa Kale kwa miguu

Hii ndiyo sehemu ambayo mgeni ataisimulia kwao, na ndiyo sehemu ambayo watembezaji wengi huipita mbio wakiwahi madukani. Ipe saa moja na nusu.

Acha gari karibu na Ngome na mshike mtaa wa Ndia Kuu. Tembeeni upande wenye kivuli. Usiseme sana, simama mlangoni penye nakshi, mwache aone mwenyewe maua na minyororo iliyochongwa, kisha inua macho yake kwenye roshani za mbao. Endeleeni hadi Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mnamo 1570 na ambao bado unaswaliwa. Utazameni mnara wake kwa nje. Kisha teremkeni hadi Bandari ya Kale, ambako majahazi bado huja, ingawa si kama zamani.

Toka hapo pandeni kwa vichochoro kuelekea Marikiti. Hapa kuna kazi ya pua: mdalasini, iliki, karafuu, bizari iliyosagwa asubuhi hiyo. Muuzaji atammiminia mgeni unga kwenye kiganja. Jengo la soko hilo limekuwapo tangu 1914, na harufu, wallahi, inaonekana imekuwapo tangu hapo pia.

Mavazi. Ndiyo maana ya zile leso mbili. Mgeni akishuka na kaptura fupi na mabega wazi, usimwaibishe. Mwambie jua ni kali na umfunge leso kiunoni, nyingine mabegani. Atafurahi, atapiga picha, na akina mama waliokaa barazani watakusalimia vizuri.

Picha. Majengo, ruhusa. Watu, aulize kwanza. Akina mama wa buibui na watoto wa madrasa, hapana. Bandarini, feri na kambi za askari, kamera ifungwe kabisa. Huko si suala la adabu, ni suala la kuhojiwa.

Ijumaa. Kuanzia saa sita hivi maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa kwa swala, na vichochoro vilivyo karibu na misikiti hujaa. Tangulizeni matembezi, saa sita muwe mmeshatoka. Ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, msile wala kunywa mkitembea. Maji nyweni garini.

Watu wa kujiunga. Kuna kijana atakayeanza kutembea nanyi, akieleza milango, kisha mwisho adai malipo. Mkatie mapema, kwa upole na kwa Kiswahili: "Ahsante ndugu yangu, leo wageni wangu ninao mwenyewe." Ukisubiri hadi mwisho, amefanya kazi na ana haki ya kukasirika.

Mkimwona muuza kahawa akigonganisha vikombe, na birika lake la shaba limekaa juu ya mkaa, simameni. Kahawa chungu kwa kashata, kikombe kidogo. Wageni wengi hukunja uso kwa fundo la kwanza na kuomba kikombe cha pili.

Umefaulu ikiwa: mgeni ameuliza maswali kuliko wewe ulivyoeleza.

## Hatua ya 7: Leso, viungo na mengine ya kununua

Kwa leso, mtaa wa Biashara hauna mpinzani. Mgeni huchagua kwa rangi. Mwache achague, kisha msomee jina lililoandikwa chini kabla hajalipa. Kuna jina la kumpa mama, na kuna jina la kumrushia jirani. Kumuuzia mtu leso ya kijembe akamfunge mama mkwe wake huko Ujerumani si jambo la kheri, ingawa najua wanaocheka.

Leso huuzwa doti, vipande viwili havijakatwa. Mweleze, asije akadhani amedanganywa au amepewa cha ziada. Nje ya maduka mengi wapo washonaji vibarazani watakaokata na kupinda ukingo mkinywa soda.

Viungo anunue vilivyofungwa na kuandikwa. Nchi nyingine hunyang'anya chakula kisichofungwa bandarini kwao, na meli nyingine nazo hukagua.

Vinyago, kama anavitaka hasa, viko kwa wachongaji wa Kikamba kule Changamwe, kwenye ushirika wao wa Akamba, ambako mtu humwona fundi akichonga. Lakini huko ni kutoka kisiwani kupitia Makupa. Rudi hatua ya tatu uone kama siku inaruhusu.

Onyo: makombe ya baharini, matumbawe, magamba ya kasa, na chochote cha pembe ya ndovu, hapana kabisa. Mgeni atakamatwa hapa au kwao, na jina litakalotajwa ni lako.

Na kamisheni, ile unayopewa na duka kwa kumleta mgeni? Kila mtu anajua ipo. Ushauri wangu ni duka moja tu la namna hiyo, na liwe zuri. Ukimpitisha mgeni madukani manne, la pili ameshakuelewa.

## Hatua ya 8: Chakula cha mchana kisichomlaza mtu

Mgeni wa meli analishwa huko kuanzia alfajiri hadi usiku, kwa hiyo hana njaa, ana hamu. Usimjazie sahani la biriani saa saba kisha umtembeze juani.

Agizeni vitu vingi kidogo kidogo mezani: pilau sahani moja ya kugawana, samaki wa kupaka, mbaazi za nazi kwa mahamri, viazi karai, mishkaki, juisi ya ukwaju. Chagua mahali penye wateja wengi wa mjini, chakula kinachotoka jikoni kikifuka moshi, na choo safi. Nenda ukakague choo kabla hujawapeleka. Nasema hivi nikimaanisha.

Kachumbari iliyokaa wazi na barafu ya asili isiyojulikana, waepuke. Uliza mapema kama yupo anayedhurika na karanga, kamba au kaa. Nazi nayo imo karibu kila sufuria, na wapo wasioiweza.

Ukifika tu, mwambie mhudumu muda wenu: "Wageni wa meli hawa, tuna saa moja." Anaelewa.

## Hatua ya 9: Bahari, kama mwezi unaruhusu

Malalamiko ya "tulienda ufukweni hakukuwa na bahari" yana dawa rahisi. Pwani yetu ya kaskazini, maji yakipwa, hurudi nyuma hadi karibu na mwamba na kuacha nyasi, madimbwi na viumbe vyenye miiba. Pazuri pa kutembea na viatu, si pa kuogelea.

Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya Mombasa hupwa sana mnamo saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa kuelekea saa kumi jioni. Kwa mgeni wa meli hapo bahari ni baada ya chakula. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, huwa kinyume: maji yamejaa asubuhi ile ile ya saa nne na tano, na mchana yanapwa kidogo. Hapo ni heri kuanza na bahari, kisha Mji wa Kale. Katikati ya hizo, kumbuka kwamba kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana yake.

Ufukweni watakuja vijana wenye vinyago, ngamia na mashua. Mgeni akitaka mashua, bei iwe ya mashua nzima na ya kwenda na kurudi, maboya ya kuvaa yaonekane kwa macho, na mrudi ufukweni saa nzima kabla ya saa uliyopanga kuondoka. Asiyetaka aseme "hapana, ahsante" mara moja na aendelee kutembea. Akisimama kueleza sababu, ameshaanza kupatana.

## Hatua ya 10: Malizeni Mama Ngina

Kituo cha mwisho kinatakiwa kisiwe na daraja wala feri kati yake na geti la bandari. Mama Ngina inatimiza hilo, na zaidi: ina upepo, mibuyu mikubwa, viti, na mkondo wa Kilindini mbele ambapo meli yake mwenyewe itapita jioni hiyo.

Madafu hapa hukatwa mbele yenu. Mhogo wa kukaanga hupasuliwa, hupakwa pilipili na kukamuliwa ndimu. Sema mapema "pilipili kidogo", maana kidogo ya muuza mhogo ni nyingi. Mkiwa mmechelewa popote njiani, hiki ndicho kituo cha kupunguza. Dakika 45 zikawa 10, hakuna kilichoharibika.

Tumia muda huo kuhesabu vitu: kadi ya meli, simu, miwani, kofia, begi la leso. Fungua gari utazame chini ya viti.

Saa tisa na dakika 40, kwenye gari. Usiulize "twende?", sema "twende".

## Hatua ya 11: Getini

Egesha sehemu inayoruhusiwa, toa ile karatasi ya asubuhi, soma, pokea malipo, toa chenji. Bahashishi usiiombe. Akikupa, pokea kwa mikono miwili na usiihesabu mbele yake.

Mpe namba yako, mwombe akutumie ujumbe mfupi akishaingia ndani. Subiri ujumbe huo ukiwa papo hapo. Mara nyingine mgeni hurudi mbio kwa sababu kadi imebaki mfukoni mwa kiti cha nyuma, na dereva ameshafika Makupa.

## Mambo yakienda kombo

Mnaona mtachelewa. Usingoje saa ipite. Piga simu kwa wakala wa meli ukiwa bado njiani: sema mko wangapi, mko wapi, namba za vyumba vyao. Hakuna ahadi kwamba meli itasubiri, lakini nahodha anayejua wageni wako Buxton ana hesabu tofauti na nahodha asiyejua kitu. Pikipiki ya bodaboda kumwahisha mzee wa miaka 70, hapana.

Mgeni ameugua. Joto ndilo la kawaida: kizunguzungu na uchovu. Kivuli, maji, leso iliyoloweshwa shingoni. Asipopata nafuu upesi, hospitali, na ngozi ikiwa imekauka au maneno hayaeleweki, hospitali mara moja bila kungoja; wakala ajulishwe wakati huo huo. Meli ina daktari, lakini kwanza afike hospitali iliyo karibu.

Meli imeondoka. Mpeleke getini hata hivyo, kwa sababu meli zinapobaini abiria hayupo, mara nyingi huacha pasipoti yake kwa wakala. Wakala ndiye atakayeshughulika na uhamiaji, na mgeni asikimbilie uwanja wa ndege wa Moi kabla hilo halijatengenezwa. Bandari inayofuata huenda ikawa Zanzibar, na huko ndege ni safari fupi. Ikiwa ni Shelisheli au Madagaska, atahitaji mahali pa kulala usiku huo na simu kwa ubalozi wake. Kama hakuna anayepokea simu, askari wa kitengo cha utalii wanaweza kumpata wakala. Mnunulie chakula, mpe chaja ya simu, kaa naye hadi wakala afike kwa miguu yake na kumpokea kwa jina.